Rilei Kazini: Saketi ya Kuzuia Kufungia Ufunguo Ndani ya Gari

Mada ya marudio: Usumakuumeme na matumizi yake

Watahiniwa wengi wanaijua rilei kwa kukariri. Ukiwauliza rilei ni nini, wanaandika sentensi moja safi: rilei ni swichi inayoendeshwa na sumaku-umeme. Alama moja wanaipata. Kisha linakuja swali lenye mchoro wa rilei, swichi mbili na taa, linauliza taa itawaka lini, na hapo ndipo karatasi inabaki nyeupe. Katika marudio haya tutachukua saketi moja tu na kuijenga kuanzia waya wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtihani wako utakuja kwa Kiingereza, najua, lakini kuelewa hakuna lugha ya lazima. Elewa kwanza hapa, kisha ukafanye mazoezi ya kuandika huko.

Saketi yenyewe niliipata kwa aibu. Siku ya mtihani wa majaribio wa vitendo nilikwenda kuazima vifaa kwa gari la shule: ammita, voltimita, vikinza na masanduku mawili ya nyaya. Niliporudi nikazima injini, nikaacha ufunguo kwenye swichi ya kuwashia, nikafungua mlango, nikabonyeza kitufe cha kufunga milango yote kwa mazoea, nikaurudishia mlango kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa imejaa karatasi. Vifaa ndani, ufunguo ndani, watahiniwa 41 wamepanga foleni nje ya maabara. Fundi alikuja na kipande cha waya, akahangaika na raba ya kioo zaidi ya nusu saa.

Tulipokuwa tunasubiri, mwanafunzi mmoja alinisogelea. "Mwalimu, samahani. Ukiacha ufunguo kwenye swichi na kufungua mlango, gari si huwa linapiga kelele?"

"Linapiga."

"Basi limeshajua. Kwa nini linalalamika tu, lisikatae kujifunga?"

Siku ile nilimwambia akasubiri na wenzake. Jibu lake ni hili unalosoma.

Wala usidhani jambo lenyewe ni la kuchekesha tu. Badala ya sanduku la ammita, weka mtoto wa miaka miwili amelala kiti cha nyuma, gari limeegeshwa juani saa saba mchana. Mwanga wa jua unapita kwenye vioo na kufyonzwa na viti. Viti navyo vinatoa mnururisho wa joto wenye mawimbi marefu, ambao haupiti kiooni kwa urahisi, na hewa iliyopata joto haina pa kutokea. Ndani ya nusu saa halijoto ya ndani inaweza kuizidi ya nje kwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi, na mwili wa mtoto hupanda joto haraka kuliko wa mtu mzima. Ikikutokea hiyo, usingoje fundi. Vunja kioo kilicho mbali na mtoto.

TUKUBALIANE MANENO

Kiswahili kinatuwekea mtego hapa. Tunafunga mlango, tunafunga loki, na wengine wanasema tunafunga swichi. Ukitumia neno moja kwa mambo matatu utachanganyikiwa kabla hujafika kwenye koili. Kwa hiyo: mlango "uko wazi" au "umerudishiwa". Loki ndiyo "inayofunga". Swichi "inaunganisha" au "inakata". Nimeshasahihisha majibu mengi yaliyopotea kwa sababu mwanafunzi alijua fizikia yake lakini alisema "imefungwa" bila kusema ni kitu gani.

GARI LINAJUA NINI?

Mwanafunzi wangu alisema gari limeshajua. Alikuwa sahihi, lakini linajua mambo mawili tu, na kila moja linaletwa na swichi.

Swichi ya kwanza imo ndani ya kitasa cha kuwashia gari. Ukichomeka ufunguo, unasukuma kipande kidogo na swichi inaunganisha. Ukichomoa, inakata. Tuiite U.

Swichi ya pili iko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kile kitufe chenye raba unachokiona mlango ukiwa wazi. Hii inafanya kazi kinyume na watu wanavyotarajia. Mlango ukiwa wazi kitufe kimetoka nje na swichi inaunganisha waya wake na bodi ya gari. Ukiurudishia, mlango unakisukuma kitufe ndani na swichi inakata. Ndiyo maana taa ya ndani inawaka unapofungua mlango. Tuiite M. Kumbuka pia kwamba bodi ya gari ni chuma kilichounganishwa na ncha hasi ya betri, kwa hiyo waya ukigusa bodi umefika nyumbani.

Katika magari mengi ya zamani, ile kengele ya onyo, ambayo mafundi wanaiita baza, iko kwenye njia moja na swichi hizi mbili: ncha chanya ya betri, fyuzi, swichi U, baza, swichi M, bodi. Swichi zote mbili zikiunganisha, baza inalia. Moja ikikata, kimya. Swichi mbili kwa mfuatano maana yake ni "hili NA lile", na sehemu kubwa ya maswali ya aina hii inamalizikia hapo.

KUMWITA RILEI

Baza inapiga kelele tu. Tunataka kitu kinachoweza kukata waya mwingine. Kitu hicho ni rilei.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwanasayansi wa Denmark, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo. Kila rilei ni mjukuu wa sindano ile. Ndani ya kile kisanduku cheusi mna koili yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba, imezungushiwa kiini cha chuma laini. Mkondo ukipita, kiini kinakuwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma chenye kiguso. Mkondo ukikatika, chuma laini kinapoteza usumaku karibu wote mara moja, na springi inarudisha kipande mahali pake. Usiandike kwamba kiini ni cha feleji. Feleji ingebaki na usumaku, na rilei ingeng'ang'ania hata baada ya mkondo kukatika.

Rilei ya kawaida ya gari yenye miguu mitano ina namba zilizoandikwa chini, kutoka kwenye viwango vya Kijerumani vinavyoitwa DIN 72552. Miguu 85 na 86 ni ya koili. Mguu 30 ni wa kiguso kinachotembea. Koili ikiwa haina mkondo, 30 imegusana na 87a. Koili ikipata mkondo, 30 inaiacha 87a na kwenda kugusa 87. Zingatia kwamba hakuna waya unaounganisha koili na viguso. Kinachovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni uga sumaku, si mkondo. Mtahini anapenda sana kuuliza hilo.

Sasa tunaunga. Koili tunaiweka sambamba na baza, kati ya swichi U na swichi M: mguu 86 upande wa U, mguu 85 upande wa M. Hatujaongeza swichi hata moja, tumetumia zile ambazo gari tayari linazo.

Upande wa viguso, tafuta waya wa amri. Katika magari mengi kitufe cha kufunga milango hakiendeshi mota za loki moja kwa moja. Kinatuma amri kwa waya mwembamba hadi kwenye kisanduku cha kudhibiti, na kisanduku ndicho kinachozipa mota mkondo mkubwa. Tunaukata waya huo mwembamba na kuupitisha kwenye 30 na 87a. Kwa nini tusikate nyaya za mota? Kwanza, zina mkondo mkubwa. Pili, mota ya loki inafunga mkondo ukienda upande mmoja na kufungua mkondo ukigeuzwa, kwa hiyo ukikata waya wake umeua kufunga na kufungua kwa pamoja, na sisi tunataka kuzuia kufunga peke yake.

Fuata sasa safari yangu ya siku ile. Ufunguo umo, U inaunganisha. Nafungua mlango, M inaunganisha. Koili inapata mkondo, kiguso 30 kinaiacha 87a. Nabonyeza kitufe cha kufunga: amri inafika kwenye rilei na kukuta njia imekatika. Loki haziendi popote. Narudishia mlango kwa kiwiko, nachukua vifaa vyangu, mtihani unaanza saa tatu kamili.

KWA NINI SWICHI MBILI?

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako, kwa sababu mwanafunzi anayeweza kueleza hili ameielewa saketi nzima.

Tuseme tumeondoa M, tukaacha ufunguo peke yake uendeshe koili. Ufunguo umo wakati wote gari linapotembea. Basi rilei ingekuwa imevuta safari nzima, na usiku, barabara isiyo na watu, dereva angebonyeza kitufe ajifungie ndani na gari lingekataa. Tumemlinda na usumbufu tukamwachia hatari.

Tuseme sasa tumeondoa U, tukaacha mlango peke yake. Watu wengi hushuka na ufunguo mkononi, wakabonyeza kitufe mlango ukiwa wazi, kisha wakaurudishia. Hawajakosea kitu. Saketi yetu ingewazuia bila sababu.

Hatari iko mahali pamoja tu: ufunguo umo NA mlango uko wazi. Jedwali linasema hivyo hivyo (1 ni ndiyo, 0 ni hapana):

Ufunguo umo 0, mlango wazi 0: rilei 0, amri ya kufunga inapita 1
Ufunguo umo 0, mlango wazi 1: rilei 0, amri inapita 1
Ufunguo umo 1, mlango wazi 0: rilei 0, amri inapita 1
Ufunguo umo 1, mlango wazi 1: rilei 1, amri inapita 0

Safu ya rilei ni "NA". Safu ya mwisho ni kinyume chake, na kinyume hicho tumekipata kwa kuchagua mguu 87a. Magari mapya yenye ufunguo wa kielektroniki hufanya uamuzi wa aina hii ndani ya kompyuta yake, bila kiguso kinachotembea, ila jedwali halijabadilika.

DIODI USIISAHAU

Mkondo wa koili ukikatwa ghafla, uga sumaku unaporomoka. Uga unaobadilika hujenga volti ndani ya koili ileile, na kwa mujibu wa kanuni ya Lenz volti hiyo inajaribu kuuendeleza mkondo unaokatika. Inaweza kuizidi volti ya betri mara nyingi, ikatoa cheche kwenye swichi ndogo ya ufunguo na kuzila taratibu, au ikaharibu vifaa vya kielektroniki vya jirani. Tunaweka diodi sambamba na koili, upande wenye mstari ukitazama mguu 86, yaani upande chanya. Wakati wa kawaida diodi haipitishi kitu. Koili inapokatwa, mkondo wake unazunguka kupitia diodi na kufa polepole. Ukiigeuza diodi, mkondo wa betri unapita humo badala ya koili, na fyuzi inaungua mara utakapofungua mlango ufunguo ukiwemo.

KABLA HUJAGUSA GARI LA MTU

Jifunze kwenye ubao. Betri ya pikipiki ya volti 12, fyuzi, rilei ya miguu mitano, swichi tatu za kawaida, diodi na taa ya volti 12 badala ya kisanduku cha kudhibiti. Taa ikiwaka unapobonyeza swichi ya tatu, amri imepita. Jaribu mistari minne ya jedwali mmoja mmoja na usikilize rilei inavyogonga.

Kwenye gari lenyewe kazi ni ya fundi umeme. Chini ya usukani kuna nyaya zenye plagi za njano, ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Hizo haziguswi na mwanafunzi, hata mwenye daraja la kwanza. Na fundi akikuuliza waya wa amri ukatwe wapi, mwambie karibu na kisanduku, baada ya waya wa kitufe na waya wa alamu kuungana. Ukikata kabla hawajaungana, amri ya alamu itapita upande wa pili kana kwamba hujafanya kitu.

Ujue pia mipaka. Saketi hii haiujui ufunguo. Inaijua swichi U tu. Ukiuacha ufunguo juu ya kiti, U imekata, na gari litajifunga kwa utulivu. Vilevile ukibana loki kwa mkono badala ya kubonyeza kitufe, hakuna amri ya umeme ya kuzuia.

MASWALI YA MAZOEZI

Funika majibu. Nakuomba.

Swali la 1. Koili ya rilei ina ukinzani wa ohmu 80 na inaungwa kwenye betri ya volti 12. (a) Tafuta mkondo wake. (b) Tafuta nguvu inayotumika. (c) Ukiwa na fyuzi za ampea 1, 10 na 30, utachagua ipi kwa njia ya koili peke yake, na kwa nini?

Jibu. (a) 12 ÷ 80 = ampea 0.15. (b) 12 × 0.15 = wati 1.8. (c) Ampea 1. Inazidi mkondo wa kawaida, kwa hiyo haitaungua bure, na iko karibu nao kuliko nyingine, kwa hiyo itakatika mapema waya mwembamba ukigusa bodi. Fyuzi ya ampea 30 ingeacha waya uungue wenyewe kwanza. Ukijibu "kwa sababu ni ndogo" bila kutaja waya, tegemea nusu ya alama.

Swali la 2. Fundi mwanafunzi ameunga koili ya swali la 1 kwa mfuatano na baza yenye ukinzani wa ohmu 120 badala ya kuziweka sambamba. Rilei inahitaji angalau volti 8 ili ivute. Onyesha kwa hesabu kitakachotokea.

Jibu. Ukinzani wote ni 80 + 120 = ohmu 200. Mkondo ni 12 ÷ 200 = ampea 0.06. Volti kwenye koili ni 0.06 × 80 = volti 4.8. Ni pungufu ya 8, rilei haitavuta, na gari litaweza kujifunga kama zamani. Zikiwa sambamba, kila moja inapata volti 12 kamili: koili ampea 0.15, baza ampea 0.10, jumla ampea 0.25.

Swali la 3. Dereva ameacha ufunguo kwenye swichi na mlango wazi kwa saa 10. Koili na baza ziko sambamba kama katika swali la 2, na taa ya ndani ya wati 6 inawaka. Betri ina ampea-saa 45. Imetumika sehemu gani?

Jibu. Taa inachukua 6 ÷ 12 = ampea 0.5. Jumla ni 0.15 + 0.10 + 0.5 = ampea 0.75. Kwa saa 10 ni ampea-saa 7.5, yaani sehemu moja ya sita. Anayelaumu rilei aangalie taa kwanza.

Swali la 4. Fundi ametumia mguu 87 badala ya 87a. Eleza gari litafanya nini.

Jibu. Amri itapita pale tu koili inapokuwa na mkondo, yaani ufunguo ukiwemo na mlango ukiwa wazi. Gari litakubali kujifunga wakati wa hatari peke yake na kukataa nyakati nyingine zote. Zaidi ya hayo, fyuzi ya koili ikiungua, milango haitafungwa kwa kitufe kamwe. Kwa 87a, fyuzi ikiungua gari linarudi kuwa gari la kawaida lisilo na kinga.

Swali la 5. Alamu fulani hujifunga yenyewe sekunde kadhaa baada ya milango yote kurudishiwa. Dereva ameshuka, ameacha injini inawaka na ufunguo umo, akarudishia mlango ili afungue geti. Je, saketi yetu itamwokoa? Tumia hali ya swichi M kueleza.

Jibu. Haitamwokoa. Mlango uliporudishiwa, swichi M ilikata, koili ikapoteza mkondo, springi ikairudisha 30 kwenye 87a. Amri ya alamu inapofika, njia imeshaunganishwa tena. Rilei haina kumbukumbu ya kwamba mlango ulikuwa wazi dakika moja iliyopita. Ni mstari wa tatu wa jedwali, ule ule unaomruhusu dereva kujifungia ndani akiwa safarini, na kwa swichi hizi mbili gari haliwezi kutofautisha dereva aliyeketi ndani na dereva aliyesimama getini.